Kuchora mandhari yenye wasiwasi: vichochoro, mikoko na mchanga wa Lamu

Picha nyingi za Lamu zinazouzwa kwa wageni ni moja: jahazi, tanga limejaa upepo, jua linazama. Hazina ubaya, ila jicho likishaziona linapita. (Mji wenyewe umeelekea mashariki, unatazamana na kisiwa cha Manda. Jua huzama nyuma ya nyumba, si baharini, kwa hiyo ukikaa forodhani jioni hulioni likigusa maji.) Mwongozo huu ni wa anayetaka kuchora mji uleule na bahari ileile, lakini mtazamaji asimame mbele ya picha akihisi kuna jambo haliko sawa, asiweze kusema upesi ni lipi.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kudhani wasiwasi ni giza. Wanamwaga nyeusi, wanaweka mwezi, mti mkavu na mawingu mazito. Matokeo yake ni picha ya usiku tu. Wasiwasi katika mandhari hutokea pale vitu viwili ambavyo jicho limezoea kuviona vikipatana vinapokataa kupatana. Mwanga ni mkali wa adhuhuri lakini njia haina mtu. Ukuta mmoja umesimama sawasawa, wa pili unauinamia. Anga, ambayo kwa kawaida hung'aa kuliko ardhi, imekuwa nzito, yaani yenye giza, kuliko ardhi. Ukivunja jambo moja la namna hiyo na kuyaacha mengine yatulie, kazi imeanza. Ukivunja yote kwa pamoja, jicho linasema "hii ni fujo" na linaacha kutafuta.

Tazama picha ya Edvard Munch, mchoraji wa Norwe, ya mwaka 1893, ile ya mtu aliyeshika mashavu darajani. Watu hukumbuka uso na anga jekundu. Kinachoibeba picha hasa ni ukingo wa daraja: umenyooka kama uliopigwa rula, unakata picha kwa mshazari, huku anga, maji na nchi nyuma yake vikipinda na kutiririka. Uondoe ukingo huo ubaki na mawimbi peke yake, na picha inageuka pambo. Mnyoofu unahitaji mpindo, na mpindo unahitaji mnyoofu.

Vijana waliounda kundi la Die Brücke mjini Dresden, Ujerumani, mwaka 1905, akina Ernst Ludwig Kirchner, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl, walifika mbali zaidi katika rangi: waliachana na rangi iliyoonekana na kuweka rangi iliyohisiwa. Lakini walichora nchi ambayo jioni yake ya kiangazi huchukua saa nyingi. Hapa hakuna jioni ya namna hiyo. Jua la Lamu huzama kati ya saa 12 na saa 12 na dakika 40 jioni mwaka mzima, na dakika 20 hivi baadaye giza limeshika. Anayejaribu kuleta machweo marefu ya Norwe ukutani mwa Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, ataishia kubuni. Malighafi yetu ni adhuhuri, na hapo ndipo mwongozo huu unakaa zaidi.

Kwanza amua ni wasiwasi wa nini

"Nataka picha ya huzuni" si maelekezo ya kutosha kwa mkono. Wasiwasi una aina zake, na kila aina hujengwa kwa muundo wake.

Wasiwasi wa kusubiri hujengwa kwa nafasi tupu katikati ya picha. Weka vitu pembeni, katikati usiweke kitu. Jicho litaingia hapo, likose pa kutua, lirudi. Wasiwasi wa kutazamwa hujengwa kwa matundu meusi madogo yanayorudiwa kwa umbali usiolingana: madirisha, vidaka, milango iliyoachwa wazi kidogo. Wasiwasi wa kukosa pa kutokea hujengwa kwa kuziba upeo wa macho. Ukuta, mchanga au mikoko ipande hadi karibu na ukingo wa juu, na njia iliyopo iwe nyembamba kuliko inavyofaa. Na ule wa ardhi kutotulia huja kwa kuinamisha sakafu ielekee kwa mtazamaji, kama alivyofanya Chaim Soutine alipochora vilima vya Céret, kusini mwa Ufaransa, kati ya mwaka 1919 na 1922: nyumba zake zinaonekana kama zinateleza.

Chagua moja na uiandike nyuma ya ubao kwa penseli. Ukichoka katikati ya kazi utaihitaji.

Vifaa, na hali ya hewa itakavyovitendea

Ubao wa plaiwudi wa milimita 6, sentimita 40 kwa 60, unafaa kuliko turubai kwa kazi ya nje. Upepo haupigi ngoma juu yake, na ukikwaruza kwa kisu hautoboki. Ukitaka kitambaa, marekani nzito ni nzuri na ya bei nafuu, ila iloweke na kuikausha kwanza ili isije ikasinyaa ikiwa tayari na rangi. Paka jeso, rangi nyeupe ya kuandaa ubao, mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza. Rangi nyeupe ya maji ya ukutani inafaa kwa mazoezi tu, kwa kuwa hutoa unga na rangi za juu hushika vibaya. Chokaa usiitumie chini ya rangi za mirija. Ina ukali unaoharibu baadhi ya rangi, bluu ya Prussia ikiwa ya kwanza.

Akriliki ndiyo rangi ya kazi hii kwa sababu ya mwendo wake, lakini kwenye joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, hukauka kwenye paleti kabla hujageuka. Tumia sahani ya plastiki yenye tambara lililolowa, na juu yake karatasi ya kupikia. Rangi ikae juu ya karatasi. Chupa ya kunyunyizia maji iwe karibu, na mnyunyizo mmoja kila dakika 10 unatosha. Maji yawe baridi ya bomba au kisima, kamwe si ya bahari, maana chumvi hubaki ndani ya rangi na kutoa ukungu mweupe ikishakauka. Kumbuka pia kuwa akriliki ikikauka huwa nzito kidogo kuliko ilivyoonekana mbichi. Pima kwenye kipande cha ubao, subiri ikauke, ndipo uamue.

Mirija minane inatosha: nyeupe ya titani (chukua kubwa, itaisha kabla ya nyingine zote), njano ya limau, oka ya njano, nyekundu ya kadimiamu, majenta, bluu ya altramarini, bluu ya thalo na siena iliyochomwa. Ongeza nyeusi, kidogo tu, na si kwa ajili ya kutia giza. Nyeusi ikikutana na njano hutoa kijani cha uchungu ambacho hakuna kijani cha mrija kinachokifikia. Thalo ina nguvu za ajabu: punje ya ukubwa wa dengu inageuza kijiko kizima cha nyeupe. Wengi huiharibu picha kwa hiyo moja.

Brashi bapa ya namba 12, bapa ya namba 6, moja ya duara ndogo, na kisu cha kupakia rangi. Makaa ya kuchorea. Leso kuukuu ya kufutia. Mfuko wenye mawe wa kuning'iniza katikati ya miguu ya kiegemezi, hasa kusi likivuma.

Jambo moja linalopuuzwa: ubao usikae juani. Nyeupe iliyopigwa na jua hung'aa mno, nawe bila kujua utachanganya rangi nzito kufidia. Ukifika ndani utakuta picha imekuwa tope. Geuza ubao hadi kivuli chake mwenyewe kiuangukie, au kaa wewe kivulini.

Kichochoro adhuhuri

Vichochoro vya Mkomani ni vyembamba, kuta ni za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, nyumba za ghorofa mbili au tatu, na pengine juu ya njia kuna wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili. Kwa sehemu kubwa ya siku njia iko kivulini. Mwanga hufika chini kwa muda mfupi tu jua likiwa juu. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita utosini hasa, kati ya saa 6 na saa 6 na nusu mchana. Siku hizo kila kitu husimama bila kivuli chake, na watu wenyewe wameingia ndani kukimbia joto. Huhitaji kubuni kitu. Wasiwasi uko pale, kazi yako ni kutoupoteza.

Kabla ya yote, adabu ya mahali. Baraza ni ya nyumba fulani, si benchi la umma. Toa salamu, omba, ukikaribishwa ndipo ukae. Karibu na msikiti, adhana ikiadhiniwa kunja vitu, usizibe njia ya wanaokwenda kuswali. Punda wana haki ya njia kuliko wewe. Watu usiwachore bila ridhaa, na kina mama waache kabisa. Kisanaa hilo halikupunguzii chochote: mchoraji wa Austria, Egon Schiele, alichora Krumau, mji aliozaliwa mama yake, mara nyingi bila mtu hata mmoja, na utupu huo ndio unaotisha.

Kaa, usishike brashi. Chora vijipicha sita vya sentimita 4 kwa 6 kwa makaa, kila kimoja dakika tatu. Tumia viwango vitatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu na nyeusi. Usichore dirisha wala nakshi ya mlango, chora maumbo makubwa. Katika vijipicha vyote sita badilisha jambo moja: upeo uko wapi, ukuta upi umeinama, tundu la mwisho lina upana gani. Utakachochagua ni kile ambacho ukikigeuza juu chini bado kinakusumbua.

Ubao uwe umepakwa nyumbani rangi ya msingi: siena sehemu 2, nyekundu ya kadimiamu sehemu 1, maji ya kutosha iwe kama chai ya maziwa. Msingi huu wa tofali utachungulia katikati ya mipigo ya brashi na kuifanya picha iwe na joto la chini kwa chini, hata pale ulipopaka bluu. Ukianza juu ya nyeupe tupu, kila nafasi uliyoiruka itang'aa na kuonekana ni uzembe.

Simamisha ubao wima. Ukuta wa kulia uchore wima kabisa, uupime kwa timazi: uzi na jiwe vinatosha. Ukuta wa kushoto uinamishe kuelekea ndani, kwa juu usogee sentimita 3 hadi 4 kutoka mstari wa wima. Kwenye ubao wa sentimita 60 hiyo ni kama digrii 3 au 4. Chini ya sentimita 2 mtazamaji atadhani umekosea. Zaidi ya 8 picha inakuwa katuni. Usiinamishe kuta zote mbili. Ule uliosimama ndio unaomwambia mtu kuwa mwingine umeinama.

Sakafu ya njia ipandishe. Kwa macho ungeimaliza kwenye theluthi ya chini; wewe ipeleke hadi karibu na nusu ya picha. Njia itaonekana kama imesimama mbele ya mtu badala ya kulala chini yake. Wikio likae juu ya nusu kidogo, na chini yake giza. Ndani ya giza hilo acha ufa wa mwanga, pale kichochoro kinapoendelea upande wa pili, lakini ufa uwe mwembamba kuliko mlango ulio karibu na mtazamaji. Mtu anaona pa kutokea na mwili wake unajua hatopita.

Sasa rangi, na anza na giza. Altramarini sehemu 2 na siena iliyochomwa sehemu 1 hutoa weusi wenye uhai, unaoweza kuupeleka kwenye ubaridi au joto kwa kuongeza mojawapo. Jaza chini ya wikio na ndani ya daka kwa brashi ya namba 12. Ukuta wa kulia, uliotulia, upake kwa kisu: nyeupe sehemu 6, oka sehemu 1, na majenta ya kuonja tu. Laza kisu, vuta kwa upana, usirudie. Ukuta wa kushoto tumia brashi ya namba 6, mipigo mifupi ya mshazari inayokwenda kinyume na mwinamo wake, rangi ileile lakini ukiiongeza njano ya limau kidogo kidogo kadiri unavyopanda. Tofauti ya mguso baina ya kuta hizo mbili itafanya kazi kubwa kuliko rangi.

Kipande cha anga kilichobanwa juu kati ya kuta kichanganye hivi: njano ya limau sehemu 4, nyeusi nusu sehemu, nyeupe sehemu 1. Kitakuwa kijani kilichougua. Hakikisha ni kizito kuliko ukuta ulioangaziwa. Hapa wengi hushindwa kwa kuogopa. Mkono wenyewe unataka anga ing'ae. Ikishang'aa, umerudi kwenye kadi ya posta.

Mlango mmoja tu ndio uonekane. Mlango wa pande mbili, upande mmoja umefunguliwa. Nakshi usiichonge moja moja; iwe mkwaruzo wa ncha ya kisu kwenye rangi mbichi hadi msingi wa tofali uonekane. Nakshi iliyochorwa vizuri humfurahisha mtazamaji, na akishafurahi wasiwasi umekwisha.

Kazi ya pale pale isizidi dakika 40. Baada ya hapo mwanga umehama, nawe utaanza kuchora kichochoro kingine juu ya kile cha kwanza. Andika pembeni mambo matatu uliyoyaona na ambayo picha bado haina, kunja vitu, umalizie nyumbani bila kutazama picha ya simu. Simu hunyoosha na kusawazisha mwanga hadi chini ya wikio panaonekana kila kitu. Kumbukumbu huacha yasiyo na maana, na huko kuacha ndiko unakokuhitaji.

Kingo zinazotetemeka

Kuna ufundi mmoja wa rangi unaofaa kujifunza peke yake kabla ya kuutumia. Rangi mbili zinazopingana, tuseme nyekundu na kijani, zikiwa na uzito sawa wa mwanga na zikagusana bila mstari kati yake, ukingo wao hutetemeka machoni. Zikitofautiana uzito, mtetemo hupotea. Ili kujua kama uzito umelingana, piga picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe: ukingo ukitoweka, umefika.

Usijaze picha nzima. Mtetemo ni kama pilipili mbuzi: ukingo mmoja wa urefu wa sentimita 10, mahali ambapo mtazamaji hatarajii, kwa mfano pale sakafu inapokutana na ukuta. Karibu robo tatu ya picha ibaki na rangi zilizopoa, zilizochanganywa na nyeupe na oka. Bila utulivu huo, ukingo hauna wa kumtetemesha.

Mikoko maji yakitoka

Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hukauka zaidi karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi. Ndio wakati wa kuchora mizizi. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari, na kama mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, huchomoza mizizi ya ncha kutoka kwenye tope. Mkoko wenyewe husimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu. Mchanganye huu na ule ovyo na mtu wa visiwani atakucheka kabla hajaogopa chochote.

Hapa ubao uwe wa kulala na mrefu. Vincent van Gogh alipochora shamba la ngano na kunguru, Julai 1890, alitumia turubai ya takriban sentimita 50 kwa 103, yaani upana mara mbili ya kimo. Umbo hilo linamnyima mtazamaji pa kutazama juu. Ukikata plaiwudi sentimita 30 kwa 60 unapata uwiano huohuo. Katika picha yake njia ya katikati inaingia shambani na haifiki popote. Kwako mfereji wa maji unaweza kufanya kazi hiyo. Uingize kutoka chini, upindishe mara mbili, kisha uufiche nyuma ya mizizi pasipo kuonyesha unakotokea.

Tope lisiwe kahawia. Majenta 1, siena 1, nyeupe 3, na altramarini kidogo pale penye maji. Litakuwa na rangi ya mwili, na hilo pekee linasumbua. Majani yabaki kijani cha kawaida, kilichopoa, usiyaguse zaidi.

Kivuli cha miti ndani ya maji ndicho mahali pa kuvunja. Erich Heckel katika picha yake ya "Gläserner Tag" ya mwaka 1913 aliligawa anga na maji vipande vyenye pembe kali, kama kioo. Wewe fanya kidogo zaidi ya ukweli: picha ya mti majini iwe ndefu kuliko mti wenyewe kwa robo, na isogee upande kwa sentimita 1 au 2. Mtu hatagundua kwa haraka. Ukiigeuza pia rangi, ukafanya mizizi ya majini kuwa ya machungwa, utakuwa umemwonyesha hila yako.

Na usalama: maji yakianza kujaa huenda polepole saa ya kwanza, kisha hukimbia saa ya tatu na ya nne. Mifereji iliyo nyuma yako hujaa kabla ya pale ulipokaa. Mwenye mashua au mtumbwi akikwambia twende, kunja.

Mchanga wa Shela, na kutoka juu ya dari

Vilima vya Shela vinachorwa wakati wa kusi, kwa kuwa upepo ndio mada. Mchanga utaingia kwenye rangi. Usipigane nao, uache ukauke humo, utaupa uso wa picha mkwaruzo ambao brashi haiwezi. Unapoharibu ni pale unapojaribu kuufuta rangi ikiwa mbichi. Usipande juu ya vilima vyenye majani: mimea ndiyo inayoushika mchanga, na chini ya vilima hivyo ndiko yanakohifadhika maji baridi ya Lamu.

Kilima ni mpindo mtupu, kwa hiyo tafuta mnyoofu: nguzo ya uzio, kijiti, au mstari wa bahari uliokatwa kwa rula. Upandishe mchanga hadi bahari ibaki ukanda wa sentimita 2 juu kabisa. Bahari iwe na rangi nzito kuliko inavyostahili, mchanga uwe mweupe wa karibu kuumiza macho. Nyayo zikiwepo ziishie katikati ya mteremko. Kunguru ukiweka, weka mmoja au wawili. Kundi zima tumeliona tayari kwa Van Gogh.

Kutoka juu ya dari mambo ni rahisi zaidi. Tazama chini kama Schiele alivyoitazama Krumau, ondoa anga lote, jaza ubao kwa mapaa ya makuti na mabati hadi kingo zote nne. Pengo moja tu la kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba, jeusi, lisikae katikati. Hapa mistari ya kontua mizito ya altramarini na siena husaidia, mradi isifunge kila umbo. Acha kila mstari ukatike mahali fulani.

Yanayoharibika mara nyingi, na sababu zake

Picha inapogeuka tope, kwa kawaida kuna rangi zaidi ya tatu katika mchanganyiko mmoja, au maji ya kuoshea brashi hayajabadilishwa. Badilisha kila nusu saa, na weka vikopo viwili: kimoja cha rangi za joto, kingine cha baridi.

Picha inapopiga kelele lakini haisumbui, umevunja mambo mengi. Chagua jambo moja unalolipenda kidogo kuliko yote na ulirudishe kwenye ukawaida. Mara nyingi ni anga.

Inapopendeza tu, tatizo karibu kila mara liko kwenye uzito wa mwanga, wala si kwenye rangi. Ipige picha nyeusi na nyeupe. Ukiona anga ni nyepesi, ardhi ni nzito, na kila kitu kiko mahali pake, basi rangi zako za ajabu ni nguo ya sikukuu juu ya mandhari ya kawaida. Geuza uzito wa maumbo mawili makubwa, acha rangi zilivyo.

Inapoonekana imechoka, umeifanyia kazi siku nyingi mno. Mipigo ya kwanza ilikuwa na hofu yako mwenyewe ndani yake, ya mwisho ina usafi. Chukua kisu, kwaruza eneo moja hadi msingi, na ulipake upya kwa mara moja bila kusahihisha.

Ukimaliza, iache picha ikauke siku tatu mahali penye hewa lakini mbali na upepo wa chumvi, kisha ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo ili kuondoa chumvi iliyotua kabla ya kupaka vanishi. Ukisafirisha kwa boti hadi Mokowe na basi kwenda Mombasa, usizilaze picha mbili uso kwa uso: akriliki hulainika kwa joto na zitagandana, na ukizibandua kila moja itaondoka na ngozi ya mwenziwe. Weka karatasi ya kupikia katikati, vipande vya kadibodi kwenye pembe nne, na uzisimamishe wima.